Honi ya Baba Mkwe

Mtaani kwetu walianza kusema kwamba gari letu linaitikia salamu.

Sitanii.

Uvumi wenyewe niliupatia kwa fundi cherehani, nimekwenda kupunguza sketi ya shule ya mwanangu. Yule mama tunamwita Mama Sindano, na si kwa sababu ya kushona tu. Akiwa na pini mdomoni, akaniuliza:

"Mama Chiriku, eti ni kweli? Mama mkwe wako anasalimia gari, na gari linajibu?"

"Nani kakwambia?"

"Watu."

Hao watu sijawahi kukutana nao maisha yangu yote, lakini mambo ya nyumbani kwangu wanayajua mpaka rangi ya mashuka.

Akatoa pini mdomoni, akanisogelea sikioni. "Mimi sikutishi, mwenzangu. Ila nimesikia gari la marehemu likishaanza kuitikia, halitulii mpaka limchukue mtu wa humo ndani."

Hakunitisha hata kidogo. Alinipa sketi, nikarudi nyumbani bila hata kuaga, na neno lile likanikaa kichwani kama mwiba kwenye soksi. Nikipika lipo. Nikifua lipo.

Maana ubaya ni kwamba uvumi haukuwa uongo. Gari lilikuwa linaitikia kweli.

Ngoja niwaeleze kwa utaratibu, maana najua wengine mmeshaanza kucheka na wengine mmeshaanza kukemea.

Baba mkwe alipofariki aliacha mke, watoto wawili wa kiume na gari moja la kizamani, la rangi ya maziwa, pua ya mviringo, taa kama macho ya mtu aliyeshtuliwa. Alilipenda kuliko... sitamalizia. Mama mkwe siku hizi ana simu.

Alilitunza kwa mikono yake. Waya ukikatika, anaunga mwenyewe. Utepe wa kufungia ukiisha, anachana kitambaa, anafunga, safari inaendelea. Nyaya nyingi za gari lile zilikuwa zimefungwa kwa vipande vya gauni la mama mkwe, gauni la enzi za uchumba, la maua ya buluu. Ukifungua boneti unaona maua.

Wengine waliona upendo. Mimi niliona utambi.

Sasa mume wangu na mdogo wake wakaamua kulifanya gari liwe la kisasa.

Huyu shemeji yangu tunamwita Injinia. Asije mtu akadhani kuna chuo. Jina alijipa mwenyewe baada ya kutazama video za mtandaoni mpaka macho yakawa mekundu. Kazi yake halisi ni kuuza viatu, na viatu anavijua, simnyimi haki yake.

"Kaka, nyaya zote za zamani tunatoa," alisema siku ya kwanza, mikono kiunoni mbele ya boneti kama daktari bingwa mbele ya mgonjwa. "Tunaweka mfumo mpya. Kisanduku kipya cha fyuzi, rimoti, vioo vya kubonyeza, skrini, feni, taa za rangi chini ya viti. Hili litakuwa kama ndege."

"Na breki?" nikauliza.

Wakanitazama wote wawili kama mtu aliyeomba chumvi msibani.

"Breki zipo," mume wangu akasema.

Zilikuwepo kweli. Kuwepo na kushika ni mambo mawili, lakini sikuendelea.

Mama mkwe alikuwa ndani. Neno "tunatoa" likamfikia. Akatoka na khanga begani, taratibu, akasimama katikati yao.

"Mnatoa nini?"

"Nyaya, Mama. Zimechoka."

"Hata mimi nimechoka. Mimi mtanitoa lini?"

Injinia akajifanya anatafuta spana.

"Hizo nyaya zimefungwa na mkono wa baba yenu, kwa gauni langu," Mama akasema. "Atakayezikata aanze na mimi. Na honi msiiguse. Sauti ile ndiyo niliyokuwa naisikia jioni akirudi, nami napakua chakula. Wekeni hayo mataa yenu ya disko, lakini honi ibaki."

Akarudi ndani.

Hapa nimtendee haki shemeji yangu. Alijua. Zile video zake zote zilisema mfumo wa zamani utolewe kwanza, wote, ndipo mpya uingie. Lakini nani atamkatia mjane gauni lake la uchumba kwa plaisi? Basi akatafuta njia ya kumridhisha kila mtu. Nyaya mpya zipite juu, za zamani zibaki chini yake.

"Zimelala tu, Mama," akamwambia. "Hazina kazi tena. Isipokuwa huu wa honi."

Zimelala. Mume wangu naye huwa amelala, ila jaribu kumgusa mguu uone.

Uwanja wetu ukageuka gereji. Vipande vya waya nilivipata kwenye ndoo ya maji, kwenye kapu la vitunguu, mara moja ndani ya kiatu changu. Binti yangu kitindamimba, huyu tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui likizo, akawa anajitengenezea pete za waya wa shaba na kuwauzia wenzake kwa peremende.

Siku nyingine nikatoka na beseni la nguo, nikakuta milango ya gari haina vitasa. Laini tupu. Kama yai.

"Shemeji, vitasa viko wapi?"

"Nimeng'oa. Ni vya kizamani." Akabonyeza kitu mkononi, mlango ukaruka wenyewe, tap! "Umeona? Rimoti."

"Na mtu akiwa ndani?"

"Kuna swichi hapa, chini ya dashibodi."

"Na vile vya kuzungushia vioo?"

"Nimetoa pia. Vioo sasa ni vya kubonyeza."

"Na umeme ukikata?"

Akacheka kwa huruma, ile huruma wanayopewa wagonjwa. "Shemeji yangu, hili ni gari, siyo nyumba. Umeme wa gari haukati."

Nikamgeukia mume wangu anitetee.

"Mama Chiriku," akaniambia, "wewe umesomea umeme wapi?"

"Na yeye kasomea wapi?"

"Mtandaoni."

Alijibu hivyo hivyo, bila aibu, kifua mbele.

Basi. Mimi niliyeishia shule ya msingi nikaenda kuanika nguo. Nilizikung'uta mpaka soksi zikaomba msamaha.

Sasa tuje kwenye salamu.

Tangu mazishi, mama mkwe alikuwa hali chakula vizuri. Unampelekea chakula, unakikuta vilevile, kimeota ngozi juu. Hacheki. Anakaa kibarazani anatazama geti, kama mtu aliyeagiza kitu kikachelewa. Nilikuwa namwogopea kimoyomoyo.

Asubuhi moja, kazi ya gari imeshakwisha, akatoka na kikombe cha chai. Akalisogelea gari. Akaweka mkono juu ya boneti kama anavyompima mtoto homa.

"Mume wangu, umeamkaje?"

Pii!

Kikombe kikaanguka. Changu, kile kizuri cha wageni.

Ndani ya gari hapakuwa na mtu. Mume wangu alikuwa chooni. Injinia alikuwa nyuma ya nyumba anapiga mswaki. Mimi nilikuwa jikoni dirishani, na niliona kwa macho yangu haya mawili.

Mama mkwe akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mmemsikia? Mmemsikia baba yenu?" Asubuhi ile akala mkate mzima, akaomba na mwingine.

Kesho yake tena.

"Umelala salama?"

Pii!

"Baridi imekusumbua?"

Pii pii!

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Mama anasalimia, gari linajibu, Mama anakula. Mume wangu naye tumbo likamharibika ghafla. Karibu kila asubuhi, saa ya salamu, yuko chooni. Nikamnunulia dawa, akainywa kwa shukrani. Sikuelewa chochote.

Halafu mtaa ukapata habari.

Walianza kupita mmojammoja, eti wanamjulia hali mjane. Mjane mwenyewe hawamtazami, macho kwenye boneti. Msichana mmoja akauliza kabisa: "Mzee, nitaolewa mwaka huu?" Pii! Akaruka huku anashangilia. Jamani, baba mkwe alipokuwa hai ulikuwa ukimuuliza jambo unaongezewa swali. Sasa kafa, amekuwa mshauri wa ndoa.

Wote walifurahi. Mwenye hofu mmoja tu katika eneo zima, na ni mimi.

Nikasema, Chiriku asilisogelee gari. Nikasema kwa upole, kwa ukali, mpaka kwa vitisho vya fimbo. Sikusema habari za Mama Sindano, maana ningechekwa. Nilisema nyaya.

"Unamnyima mtoto babu yake?" mama mkwe akaniuliza.

"Hapana, Mama. Namnyima shoti ya umeme."

"Huu woga wako, mwanangu, ungeuza ungejenga ghorofa."

Mume wangu akaangua kicheko. Wakanipa jina: Zimamoto. "Zimamoto, chakula tayari?" "Zimamoto, njoo uzime taa." Nilicheka nao. Ungefanyaje?

Lakini kila Chiriku akitoka kwenye lile gari, nikimvua nguo nimwogeshe, nguo zinanuka. Harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Nikampelekea mume wangu gauni, anuse mwenyewe.

Akanusa. "Hiyo ni harufu ya upya. Vitu vipya vinanuka."

Haya. Upya unaonuka moshi.

Ikafika Jumamosi moja, mchana kweupe.

Ndugu wawili walikuwa getini wanatundika bango. Walishaamua gari litakodishwa kubebea maharusi, eti watu wataligombania, gari la kisasa lenye roho ya kizamani. Mume wangu yuko juu ya ngazi, ameinua bango kwa mikono miwili, analenga. Injinia yuko chini, ameikumbatia ngazi isiteleze.

Mama mkwe yuko ndani ya gari, kiti cha dereva, amefunga milango na vioo ili afaidi ile feni mpya. Na Chiriku yuko kiti cha nyuma. Alipenyaje? Bibi yake alimwita. Mimi niko chumbani dirishani, napiga pasi nguo za shule.

Honi ikalia.

Piiiiiiiiiiii.

Haikuwa ile ya salamu. Hii ilianza na haikukoma. Nikatazama getini. Ndugu wawili wanaendelea na bango lao, hata shingo hawageuzi. Mume wangu ananyoosha kona ya kushoto. Injinia ametazama ukuta.

Nikasema, hivi hawa wamezibwa masikio?

Halafu nikagundua kitu kingine. Sikuwa namsikia Chiriku.

Mwenye mtoto msemaji atanielewa. Chiriku huimba, huuliza, hugombana na viatu vyake. Honi ikilia, yeye hupiga kelele kuishinda. Mtoto yule akinyamaza, hata kuku wangu huinua shingo.

Nikachungulia vizuri. Kioo cha mbele cha gari kilikuwa cheupe kwa ndani.

Moshi.

Sijui nilipitaje mlangoni. Najua nilifika uwanjani na pasi mkononi, waya wake unaburuta nyuma yangu kama mkia. Nikaurukia mlango wa nyuma nifungue.

Nifungue kwa kushika nini? Laini. Kama yai. Kucha zangu ziliteleza kwenye bati lile, nikatafuta pa kushika juu, chini, pembeni. Hakuna. Mwanangu yuko upande wa pili wa kioo, uso ameubandika pale, mdomo unafunguka na kufunga, na sauti simsikii kwa sababu ya honi.

"RIMOTI!" nikapiga kelele. "Leteni rimoti!"

Hapo ndipo wakageuka. Ngazi ikaenda huku, bango likaenda kule, mume wangu akaanguka na kuinuka palepale. Injinia akaja mbio, akatoa rimoti mfukoni, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa vidole gumba vyote viwili. Akaipiga pajani. Akabonyeza tena.

Ule umeme usiokatika ulikuwa umekatika. Yaani umekatika kwenye milango. Umekatika kwenye vioo. Kwenye honi tu ndiko uliko.

Na mbele, mama mkwe.

Jamani, ile sura sitaisahau. Ameketi wima, mikono juu ya usukani, machozi yanamtiririka, na anatabasamu. Moshi unatoka chini ya dashibodi, unampanda magotini, na yeye midomo inacheza. Nilimsoma midomo. Alikuwa anasema, "Nakuja. Nakuja."

Nikainua pasi, nikapiga kioo cha nyuma. Ikadunda. Mkono wote ukafa ganzi. Nikaigeuza, nikapiga kwa ncha.

Kioo kikamwagika kama sukari.

Nikamvuta Chiriku kwa mikono, kwa nywele, kwa kola, sijui nilishika wapi. Alitoka. Nikamlaza chini, akakohoa, akatapika, akavuta pumzi.

Mume wangu akapenyeza kiwiliwili kwenye dirisha lile, akamkamata mama yake kiunoni kutoka nyuma.

"Niache! Baba yenu ananiita!"

"Mama, anayekuita ni waya!" nikapiga kelele.

Hakuachia usukani. Walivutana, mtoto na mama yake, moshi katikati. Alipoachia, ngozi ya kiganja cha kushoto ilibaki kwenye usukani uliokuwa umeshapata moto. Wakamtoa kichwa kwanza, kama mzigo, bibi wa watu.

Majirani wakaja na mchanga, na ndoo, na simu za kupigia video. Moto ukatoka chini ya boneti. Honi ikalia ndani ya moto ule, ikaanza kukwama, ikakohoa, ikanyamaza.

Watu wa zimamoto, wale wa kweli, walifika mchanga umeshafanya kazi. Mmoja wao akachungulia na tochi, akatuonyesha. Ule waya wa zamani wa honi ulikuwa unapita kwenye tundu ambalo Injinia alilikata ili skrini iingie. Tundu lina makali. Kila gari likitikiswa, waya unasuguliwa. Siku ile ukachunika ukagusa bati, na honi ikaanza kulia yenyewe. Wenzake waliokuwa "wamelala" nao walikuwa bado wameshikamana na betri, na hakuna fyuzi ya kuwazuia, maana baba mkwe hakuwahi kuiweka na Injinia hakutaka kugusa. Shoti ikashika kitambaa, kitambaa kikashika moto, na moto ukala nyaya mpya zilizopita juu yake.

"Nani alifunga hizi kwa nguo?" yule mtu akauliza.

Injinia akainamia viatu vyake.

Hospitali walimvalisha Chiriku kifaa cha hewa usoni. Daktari akasema mapafu yatakuwa salama, alale hapo waendelee kumwangalia. Haikupita muda, mtoto akaanza kuongea ndani ya kile kifaa. Haeleweki hata neno moja. Sijawahi kusikia muziki mtamu kama ule.

Mama mkwe alikuwa chumba cha pili, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Nikatoka nje kuvuta pumzi. Hapo ukumbini nikawakuta mume wangu na mdogo wake wamesimama, wananong'onezana kwa hasira.

"Kaka, ungeacha basi," Injinia anasema. "Moshi wote ule, bado unabonyeza tu?"

"Nani anabonyeza? Mimi nilikuwa juu ya ngazi! Bango nimelishika kwa mikono miwili!"

"Sasa nani?"

"Si wewe?"

"Mimi nilikuwa nimeshika ngazi yako, Kaka. Ningebonyeza kwa meno?"

Wakatazamana. Halafu wakaniona.

"Kubonyeza nini?" nikauliza.

Mume wangu akatazama dari. Hospitali zina dari nzuri sana, inaonekana. Mwishowe akaongea.

Asubuhi ile ya kwanza, yeye ndiye aliyebonyeza rimoti yake, maana zilikuwa mbili na Injinia aliziunganisha na honi, amejificha chooni, dirisha dogo limefunguka. "Alikuwa hali chakula, Mama Chiriku. Nilifikiri, honi moja tu, afarijike." Kesho yake akachelewa kuamka, na akiwa bado kitandani akaisikia honi inaitikia. Akajua ni mdogo wake. Mdogo wake naye alikuwa ameshajua habari za choo. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Waliona aibu, wanaume wazima. Wakaendelea hivyo hivyo, aliye karibu anabonyeza, mwingine ananyamaza.

Ndiyo maana siku ile honi ilipolia hawakugeuka. Kila mmoja alijua ni mwenzake anamfurahisha Mama.

Kumbe lile tumbo lilikuwa zima. Na mimi nikawa namkorogea dawa.

Nilitaka kupiga ukelele wa kuangusha lile jengo. Nilishafungua mdomo. Lakini mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi, na sisi tulisahau kwamba mtu akiungua mkono, masikio yanabaki.

"Njooni hapa," sauti ikaita.

Tukaingia mmoja nyuma ya mwingine, kama wanafunzi waliochelewa.

Mama mkwe alikuwa ameegemea mto. Akawatazama wanawe.

"Mlidhani sijui?"

Mume wangu akatazama dari tena.

"Baba yenu tangu nimeolewa hakuwahi kuitikia salamu yangu kabla hajanywa chai. Leo kafa ndiyo ajifunze adabu?" Akavuta pumzi, ikamkwaruza. "Nilijua ni nyinyi. Mmoja chooni, mwingine nyuma ya tangi la maji na mswaki mkavu. Nikasema, wanangu hawajui namna ya kunipa pole kwa mdomo, wanatoa kwa honi. Waache. Nikala ili msione mnafanya kazi bure."

Injinia alianza kulia. Mume wangu akapiga magoti kando ya kitanda.

"Sasa Mama, kama ulijua," akasema, "mbona leo hukutoka? Moshi uliuona, na swichi ya mlango hukuigusa. Honi ilikuwa inalia tu. Mbona hukutoka?"

Aliitazama ile bandeji.

"Kwa sababu leo nilikuwa nawaona," akasema. "Pale mbele yangu, getini, wote wawili. Wewe mikono kwenye bango. Wewe mikono kwenye ngazi. Na honi inalia."

Akafumba macho.

"Nikasema, kumbe leo ni yeye kweli."

Mimi ambaye nilikuwa na maneno ya kuwatukana hata wiki nzima, nikaketi kitandani kwake, nikamshika mkono ule mzima.

Tumerudi nyumbani wote, wazima. Bango tumelitumia kuzibia banda la kuku. Naandika haya kwa sababu kila nikipita mitaani naona vijana wamefungua boneti za magari ya babu zao, nyaya mpya zinaning'inia kama tambi, na simu imeegemezwa kwenye kioo inawafundisha. Sina ugomvi na usasa. Mkifanya, epukeni haya:

Kuacha nyaya za zamani ndani baada ya kuweka mpya. Zitoe zote. Mwenye kumbukumbu na azitie kwenye sanduku, chini ya kitanda.

Waya wowote usiopita kwenye fyuzi. Hata wa honi. Hata wa marehemu.

Kufunga nyaya kwa kitambaa.

Kupitisha waya kwenye tundu la bati bila kuvisha mpira.

Kung'oa vitasa vya milango. Umeme uwepo, lakini mkono nao uwe na pa kushika, ndani na nje.

Kumwacha mtoto acheze ndani ya gari lililofungwa, hata kama yuko na mtu mzima. Mtu mzima naye ana mambo yake kichwani.

Kuambiwa harufu ya kuungua ni harufu ya upya.

Fundi umeme anayeuza viatu.

Na kumdanganya mfiwa, hata kwa huruma. Kaa naye. Akikuuliza umeamkaje, mjibu wewe, kwa mdomo wako, akuone.